Mlango Uliomeza Hodi

Vijana wa karakana, mliponiaga mlinipa vitu vitatu: keki, saa ya ukutani, na agizo la kuandika mambo ya kazini ili na ninyi mjifunze. Keki iliisha kabla sijafika nyumbani. Saa imesimama tangu wiki ya pili. Limebaki agizo. Basi nimekaa hapa Ipogolo, Iringa, malori yananguruma barabarani, nina chai na daftari la kurasa mia mbili, na mke wangu amesema afadhali niandike kuliko kuendelea kulegeza na kukaza bawaba za kabati lake ambazo hazina ugonjwa wowote.

Ya vyeo nayaruka. Mnajua wenyewe kwamba karakana yetu ina vyeo viwili tu: fundi, na yule aliyetumwa skrubu. Nimevishika vyote viwili, wakati mwingine siku moja.

Nilianzia Uyole, Mbeya, kwa Mzee Mwaijande, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, na asubuhi za mwezi wa saba baridi ilikuwa kali kiasi kwamba ukitoa neno mdomoni lilibaki linaning'inia hewani mpaka jua lichomoze. Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya yenye mpini mwekundu, nikijiona fundi mkuu wa nyanda zote za juu. Mzee akaipokea, akaipima mkononi, akaisifu, akaifungia kwenye sanduku la chuma.

"Utaipata siku utakayoacha kuihitaji," akasema.

Niliipata baada ya mwaka na miezi miwili. Kwa muda huo wote alinipa bisibisi, tupa ndogo, kipande cha raba na mswaki wa zamani. Kwa kitasa, bawaba na mkono wa dirisha, nyundo ni adui. Ukiona fundi ameanza kazi kwa kugonga, mfungulie mlango aende, kama bado unafunguka.

Somo la pili alinipa wiki ile ile, mjini Mbeya, kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindu. Mlango wa stoo yao ulikuwa unalegea mkono kila mwezi. Mimi nikachomoa bisibisi. Mzee akanishika bega, akanikalisha kwenye kigoda na kunipa andazi. "Kula," akasema. "Usimguse mgonjwa kabla hujamwona anavyotembea." Tulikaa pale asubuhi nzima. Mama mwenye duka akawa anapita na majora ya vitambaa mikono yote miwili, anafungua mlango kwa kuukandamiza mkono kwa kiuno, na kila mara uzito wake wote unaishia kwenye skrubu mbili ndogo. Mzee hakubadilisha kitu. Aliweka kibao cha kuwekea majora pembeni ya mlango, akanywa chai ya tangawizi, tukaondoka. Mlango ule haukulegea tena, na nasikia utasimama mpaka siku ya mwisho, ambapo malaika watautumia kutokea.

Nilimcheka Mzee moyoni siku ile. Nikasema, mtu mzima ananilisha andazi halafu anaita kazi. Wekeni alama hapo, maana upumbavu huo ulinirudia baadaye.

Madirisha ya vioo viwili yalipoanza kuingia mikoa yetu, kwanza kwenye hoteli na nyumba za watu waliorudi kutoka nje, mafundi wengi waliyakimbia. Ni kweli yanatisha. Dirisha lina vioo viwili na hewa iliyofungiwa katikati, raba inazunguka pande zote, na ndani ya fremu kuna ukanda wa chuma wenye ndoano unaotembea ukigeuza mkono. Maelezo yake yalikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa "good morning" na "come here". Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilisoma miaka minne, nikakaa dawati moja na binti wa umri wa mwanangu, na nilimaliza kidato cha nne nikiwa na watoto watatu na upara unaochungulia. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa anatufundisha barua za kuomba kazi. Mimi namletea karatasi ya maelezo ya bawaba. Akatafsiri bawaba. Sidhani kama kuna mwalimu mwingine duniani anayejua bawaba kama yule mama.

Humo ndimo nilimojifunza kuwa mlango wa vioo viwili ukining'inia na kukwaruza chini, tatizo mara nyingi halipo kwenye bawaba. Kioo ndicho kinachoshikilia mlango, kwa vipande vidogo vya plastiki vinavyokibana kwa mshazari, kutoka kona ya chini upande wa bawaba hadi kona ya juu upande wa kitasa. Panga vipande hivyo vizuri, na mlango unanyanyuka wenyewe kama mtu aliyeitwa kwenye chakula. Nimeonyesha jambo hilo kwa watu wazima wakashika vichwa.

Na tafadhali, msitumie mafuta ya alizeti. Najua mkoa wetu umejaa alizeti, najua kila jiko lina dumu. Yakikutana na vumbi na baridi yanageuka gundi. Tumia mafuta ya cherehani, matone mawili. Nimewahi kufungua kitasa Makambako nikakuta humo ndani chapati ingeweza kukaangwa.

Mnaijua habari ya Mzee Karim, mwenye duka la vyombo Iringa mjini? Hamuijui, kwa sababu aliniapisha. Wanawe walimwekea yale madirisha ambayo ukigeuza mkono juu kabisa, yanalala ndani kwa upande wa juu ili kuingiza hewa. Hakuna aliyemwambia. Nikapigiwa simu na mkewe: "Fundi, kimbia, dirisha linamwangukia baba!" Nilimkuta mzee wa watu amelishikilia kwa mikono miwili, jasho linamtoka, mkewe anamnywesha chai kwa kijiko. Alikuwa hivyo saa nzima. Nikageuza mkono, nikalifunga kwa kidole kimoja.

"Fundi," akasema akijinyoosha mgongo, "hili usimwambie mtu."

Nimenyamaza miaka kumi na moja. Sasa nimestaafu.

Lakini kazi ninayotaka muijue kuliko zote ni ya Kilolo, kwa sababu pale mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Kulikuwa na kituo cha afya kimoja upande ule, ambacho wageni wa ng'ambo walikiletea kontena la madirisha na milango ya vioo viwili. Kamati ya kituo ikajenga chumba maalumu cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, wadogo wa kutoshea kwenye kofia. Humo akina mama wanakaa wamewabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na chumba kinatakiwa kuwa na joto mchana na usiku. Kilolo si mahali pa mzaha kwa baridi. Ukungu unashuka asubuhi, na kuku wanatembea wameshikana.

Mlango wa chumba kile niliufunga mimi. Raba mpya pande zote, kioo nimekipanga, ndoano tatu zinaingia kwenye fremu kwa pamoja. Nesi Oliva, msimamizi wa chumba, alipoufunga mara ya kwanza, upepo wa nje ulinyamaza kama umezimwa. Akanitazama, akasema, "Fundi, hapa umewavisha watoto koti." Nilirudi Ipogolo nikitembea juu ya vumbi, sikulikanyaga.

Wiki tatu baadaye akapiga simu.

"Fundi, mkono wa mlango umevunjika."

"Umevunjikaje?"

"Ningejua, ningekuita?"

Nikaenda. Springi imekatika. Nikabadilisha. Mwezi haujaisha, simu. Safari hii ni giaboksi ya kitasa, kile kiboksi kidogo cha meno kinachosukuma ndoano. Meno yamelika kama ya mzee wa miwa. Nikabadilisha, nikaukaza mkono mpya kwa skrubu ndefu, na mbele ya akina mama wote nikapiga kifua. "Huu ukiharibika tena," nikasema, "mniite fundi viatu."

Siku kumi na nane. Simu ikalia.

"Fundi viatu," akasema Nesi Oliva, na hakuwa anacheka. "Ndoano zimekwama nje, mlango haufungi. Upenyo unaingiza kidole. Nimeziba kwa blanketi na khanga mbili. Nina watoto saba humu, mmoja ana kilo moja na robo, na baridi ndiyo kwanza imeanza. Mwenyekiti wa kamati amesema Jumamosi seremala anakuja kuung'oa aweke mlango wa mbao."

"Wa mbao utapitisha upepo kila ubao!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Mwenyekiti anasema wa mbao angalau anaufahamu."

Ilikuwa Jumatano jioni. Alhamisi alfajiri nilikuwa kwenye basi la Kilolo na giaboksi ya tatu mfukoni, na njiani ndipo lile andazi la Mzee Mwaijande likanirudia kooni. Mara mbili nimemtibu mgonjwa huyu, na sasa naiendea ya tatu. Mara ngapi nimemwona akitembea? Hata moja! Nilikuwa nafika, nachomoa bisibisi, najisifu, naondoka.

Basi nilipofika sikufungua begi. Nikaomba kigoda, nikakaa barazani, hatua sita kutoka mlangoni, nikatulia. Upenyo Nesi alikuwa ameuziba kwa blanketi na khanga, umejaa kabisa.

Wa kwanza kutokea kwenye ukungu alikuwa Bibi Yudita, mkulima wa viazi, bibi yake yule mtoto wa kilo moja na robo. Alikuwa amebeba chupa ya uji wa ulezi kwa ajili ya binti yake, Neema, aliyekuwa ndani na mtoto. Akasimama mbele ya mlango, akajitengeneza khanga.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi hapa."

Kimya. Kwenye kioo alionekana Nesi Oliva mezani kwake, anaandika, hageuki.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Hapo Bibi akaushika mkono wa mlango, ule ule mgonjwa, akautikisa juu, chini, juu, chini, kah-kah-kah-kah, kama mtu anayepampu maji kisimani. Nesi akainuka, uso ameukunja, akaondoa blanketi, akafungua.

Baada yake akaja baba mmoja na chungwa. Hodi tatu, kimya, kah-kah-kah-kah. Akaja dada wa mtu. Akaja mchungaji wa kanisa, mtu mpole wa kunong'ona, naye hodi tatu, kah-kah-kah-kah. Mpaka saa tano niliwahesabu kumi na mmoja. Nilicheka mpaka nikaanguka na kigoda.

Bibi Yudita alipotoka, nikamwendea.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, fundi. Mbona unacheka peke yako?"

"Bibi, kwa nini unautikisa mkono wa mlango?"

"Nifanyeje? Nimepiga hodi mpaka koo limekauka. Humu ndani wamekuwa viziwi."

"Si ungegonga kioo?"

"Kivunjike, mjukuu wangu apigwe na baridi?"

"Basi ungefungua tu ukaingia."

Akanitazama kana kwamba nimemshauri akaibe ng'ombe. "Bila kukaribishwa? Kwenye chumba cha wazazi? Kwenu Mbeya ndivyo mnavyoingia kwa watu?"

Nikaingia ndani, nikamwomba Nesi Oliva akae pale pale mezani, nikatoka, nikafunga mlango kwa kuubana na bega mpaka blanketi likajaa kwenye upenyo, nikapiga hodi kwa sauti niliyorithi kwa baba yangu, aliyekuwa anaita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Nikafungua. "Umenisikia?"

"Ulikuwa unasema kitu?" akauliza.

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini taratibu. "Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani wana hasira na mimi. Kila siku nawagombeza, hawa watu hawana subira, wanatikisa mlango kama wanadai. Kumbe maskini walishapiga hodi."

Mnaona sasa? Mlango ulikuwa mzima. Watu walikuwa wazima. Mimi ndiye niliyeukaza mlango ule kwa raba mpaka ukawa unameza hodi, katika nchi ambayo mtu hawezi kuingia hata kwa dada yake bila hodi.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ya haraka. Nikanunua sokoni kengele ya ng'ombe, nikaitundika barazani na waya mdogo uliopita juu ya fremu. Nikavuta. Watoto saba wakaamka kwa pamoja, na sikuwahi kujua kwamba binadamu wa kilo moja na robo anaweza kutoa sauti ya lori la mafuta linaloshuka mlima.

"Ondoa kitu chako," akasema Nesi Oliva. "Ondoa sasa hivi, fundi viatu."

Nikaondoa. Nililala kwenye kibanda cha mlinzi nikiwaza. Ijumaa asubuhi nikapata jibu nikiwa nanawa uso kwenye bomba la uani. Niliokota kipande cha bomba la plastiki la maji, la inchi moja na nusu, kilichobaki kwenye ujenzi. Nikatoboa ukuta wa matofali ya kuchoma kwa patasi, kidogo kidogo bila kishindo, watoto wamelala. Nikalipitisha bomba kwa mshazari, chini ya paa la baraza ambako mvua haifiki, tundu la nje usawa wa kinywa cha mtu mzima, tundu la ndani karibu na sikio la Nesi akiwa mezani. Kila upande nikaweka kifuniko cha raba kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, kinachojifunga chenyewe, baridi isipite. Kisha nikafunga giaboksi ya tatu, nikapanga ndoano, nikajaribu mlango. Ukafunga bila upenyo.

Jumamosi saa tatu mwenyekiti akaja na seremala, na mlango wa mbao umefungwa juu ya toroli. Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno machache na kofia kubwa.

"Fundi, tumekuvumilia," akasema.

"Mwenyekiti, nipe mgeni mmoja tu. Mgeni mmoja, halafu uung'oe."

Bahati yangu, Bibi Yudita akatokea na chupa yake ya uji. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooka kuelekea kwenye mlango. Nikamzuia.

"Bibi, inua hiki kiraba, upige hodi hapa."

"Niongee na bomba?"

"Ongea tu, bibi."

"Mimi mtu mzima na mvi zangu, nisalimie bomba, huyu mwenyekiti ananiangalia?"

"Bibi, kwa ajili ya mjukuu."

Akatua chupa chini. Akajitengeneza khanga, maana hata kama ni bomba, heshima ni heshima. Akainua raba kwa vidole viwili, akasogeza mdomo. "Hodi hapa," akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Karibu, bibi!" bomba likajibu.

Bibi akaruka nyuma, akamkanyaga seremala. Halafu akacheka, kicheko cha msichana. Akarudi kwenye bomba: "Nani huyo?"

"Mimi Oliva, bibi. Ingia, mtoto ameamka."

Akashusha mkono wa mlango mara moja, polepole, akaingia, mlango ukafunga nyuma yake.

Mwenyekiti akavua kofia. Akalisogelea bomba, akalizunguka, akachungulia. Mwisho akainama. "Hodi," akasema.

"Karibu, mwenyekiti!"

Akajaribu tena. Kisha akajaribu seremala. Kisha mlinzi, ambaye hakuwa na shida yoyote ndani. Ilibidi Nesi Oliva aseme kupitia bomba kwamba anayetaka kucheza aende kucheza na bomba la uani. Mlango wa mbao walikwenda kuuweka jikoni kwa wapishi, na unafanya kazi nzuri, maana wapishi wanasikiana.

Nilirudi Kilolo baada ya wiki tano. Niliwaambia ninyi nakwenda kukagua bawaba. Uongo, bawaba hazikuwa na neno. Nilitaka kujua habari za yule mdogo.

Nilipofika barazani nikatazama kupitia kioo. Neema alikuwa amevaa nguo za safari. Mtoto alikuwa kwenye mzani, na Nesi Oliva ameinua vidole viwili, kisha akaongeza nusu ya kidole cha tatu. Bibi Yudita alikuwa anazunguka katikati ya chumba, khanga imemdondoka begani, mdomo wazi, mikono juu, na akina mama wengine wanapiga makofi. Na mimi nje sikusikia hata chembe. Mlango ule, nawaambieni, ulikuwa umefunga.

Nikainama, nikainua raba, nikaweka sikio. Vigelegele vilivyotoka kwenye bomba lile vilinisukuma hatua mbili nyuma, na sikio la kushoto halijatulia mpaka leo. Nikalirudisha hapo hapo.

Ghafla ndani pakanyamaza. Nesi alikuwa ameona raba ya upande wake imetikisika.

"Nani huyo anasikiliza bila kupiga hodi?"

"Hodi," nikasema.

"Karibu, fundi. Nawa mikono kwanza, halafu uje umpakate kabla hawajaondoka. Amefika kilo mbili na nusu."

Nikaenda uani. Nikanawa mara mbili, sabuni mpaka kwenye viwiko, nikasugua grisi ya miaka yote ile kwenye kucha. Kisha nikarudi, nikashusha mkono wa mlango taratibu, nikaingia.